Mfumo Usiokufa na Mfadhili: Historia Fupi ya Uendelevu wa Programu za Kompyuta

Karibu kila ofisi ya umma katika nchi zetu ina kona yenye kompyuta zisizotumika. Zina kibandiko cha mradi fulani, nembo ya mfadhili fulani na namba ya mali ya serikali. Mara nyingi mashine zenyewe hazikuharibika. Kilichokufa ni programu iliyokuwa ndani yake: leseni ilikwisha, mtaalamu aliyeijua aliondoka, nenosiri la seva likaondoka naye, na karani akarudi kwenye daftari lake la mistari.

Tumezoea kulieleza jambo hili kwa neno moja, uzembe. Ni maelezo mepesi, nayo yana faida kwa wengi, kwa sababu yanamtupia lawama mtumiaji wa mwisho na kumwacha salama aliyebuni, aliyefadhili na aliyesaini mkataba. Hoja yangu katika makala haya ni tofauti. Maisha ya mfumo wa kompyuta huamuliwa kwa kiasi kikubwa siku unaposanifiwa, kabla karani yeyote hajaugusa. Siku hiyo ndipo huamuliwa nani atamiliki msimbo wake, nani ataweza kuurekebisha, utahitaji mashine za namna gani na utakula fedha za nani. Maamuzi hayo huitwa ya kitaalamu, lakini kwa asili yake ni ya kisiasa. Historia ya Afrika Mashariki katika miaka 60 iliyopita inalithibitisha hilo vizuri kuliko vitabu vingi vya kiada.

Neno na chimbuko lake

Neno "uendelevu" liliingia katika lugha ya serikali kupitia Tume ya Dunia ya Mazingira na Maendeleo, iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway na kutoa ripoti yake mwaka 1987. Tume hiyo ilieleza maendeleo endelevu kuwa ni yale yanayotosheleza mahitaji ya watu wa leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutosheleza yao. Wakati huo mjadala ulihusu misitu, samaki, mafuta na hewa. Programu za kompyuta hazikuonekana kuwa sehemu yake, maana programu haina moshi, haina harufu na haiozi.

Hata hivyo, wataalamu wa kompyuta walikuwa wameshaanza kuona kwamba programu nayo huzeeka. Mwezi Oktoba 1968 walikutana Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na kamati ya sayansi ya NATO, wakajadili kile walichokiita mgogoro wa programu: miradi iliyochelewa, iliyopita bajeti na isiyofanya kazi iliyotarajiwa. Muda mfupi baadaye Meir Lehman, aliyekuwa mtafiti wa IBM na kisha profesa wa Imperial College, London, alichunguza jinsi programu kubwa zinavyobadilika mwaka hadi mwaka. Alihitimisha kwamba mfumo unaotumika katika shughuli halisi za watu lazima ubadilishwe bila kukoma, la sivyo utazidi kupungua manufaa. Hauoti kutu. Kinachobadilika ni dunia inayouzunguka: sheria mpya ya kodi hupitishwa, wilaya hugawanywa, ugonjwa mpya huingia, viwango vya mishahara hurekebishwa.

Kanuni hiyo ina matokeo makubwa kwa watunga sera. Ikiwa mfumo lazima ubadilike ili uishi, basi siku ya uzinduzi, ile ya utepe na hotuba, ni mwanzo tu wa gharama. Mhandisi anayekabidhi mfumo bila kukabidhi uwezo wa kuubadilisha amekabidhi kitu chenye tarehe ya kufa.

Hazina, 1965 hadi 1974

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, mashine ya kampuni ya Uingereza. Taifa lilikuwa changa, wahasibu wazalendo walikuwa wachache, na hesabu za serikali zilikuwa zikiongezeka. Uamuzi wa kutafuta msaada wa mashine haukuwa wa kipuuzi.

Tatizo lilikuwa katika kila kitu kilichohitajika ili mashine hiyo iendelee kufanya kazi. Vipuri vilitoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Wataalamu wa kuandika programu walikuwa wageni wenye mikataba ya muda mfupi. Hata kampuni iliyoitengeneza haikudumu katika umbo lake: mwaka 1968, miaka mitatu tu baada ya mashine kufika Dar es Salaam, ICT iliunganishwa na wenzake kuunda kampuni mpya ya ICL, na bidhaa zake zikapangwa upya kwa masilahi ya soko la Uingereza. Serikali changa ilikuwa imejifunga kwenye mnyororo ambao hakuna pete yake hata moja iliyokuwa mkononi mwake.

Jaribio la kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta lilishindwa na kuigharimu nchi fedha nyingi za kigeni, katika kipindi ambacho bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafla. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake. Aliyetaka kuingiza alihitaji kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa polepole katika miaka ya 1980.

Wapo wanaoisimulia marufuku ya 1974 kama kichekesho, ushahidi wa taifa lililoogopa usasa. Naiona kwa namna mbili. Kwa upande mmoja, utambuzi wa tatizo ulikuwa sahihi: serikali iliona kwamba teknolojia isiyoweza kuhudumiwa na wenyeji ni mzigo. Kwa upande wa pili, tiba haikulingana na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa ukosefu wa wataalamu na wa mpango. Marufuku ilipunguza mashine ambazo vijana wangejifunzia utaalamu huohuo. Tulipofungua tena mlango, tulikuta dunia imekwenda mbali, na tukaanza upya kwa kutegemea washauri kutoka nje. Methali husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliona ufa, tukaifunga nyumba.

Kutoka Cape Town hadi Pwani ya Kenya

Mfano wa pili unaanzia Afrika Kusini mwaka 1994. Utawala wa ubaguzi ulikuwa umeacha idara za afya 14, zilizogawanywa kwa rangi na kwa maeneo yaliyoitwa ya kikabila, kila moja na fomu zake. Serikali mpya haikuweza hata kusema kwa uhakika ni watoto wangapi waliochanjwa nchini. Katika Cape Town kikundi cha wanaharakati wa afya waliotoka katika mapambano dhidi ya ubaguzi kilishirikiana na watafiti wa Norway, miongoni mwao Jørn Braa wa Chuo Kikuu cha Oslo, kuanzisha mradi uliojulikana kwa kifupi cha HISP.

Watafiti hao walitoka katika utamaduni maalumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Kristen Nygaard, mmoja wa wabunifu wawili wa lugha ya kompyuta ya Simula, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway ili wafanyakazi waelewe kompyuta zilizokuwa zikiingizwa viwandani na wawe na kauli kuhusu namna zitakavyotumika. Wazo la msingi lilikuwa rahisi: anayetumia mfumo ana haki ya kushiriki kuubuni. Ndilo wazo lililopelekwa katika kliniki za Cape Town.

Kabla ya kuandika programu, walikaa na wauguzi na maofisa wa wilaya wakauliza ni takwimu zipi hasa zinazohitajika. Fomu ndefu zilipunguzwa hadi orodha fupi ya vitu ambavyo kila kituo kingeweza kuvihesabu kila mwezi na kuvitumia chenyewe kabla ya kuvipeleka juu. Hatua hiyo huonekana ndogo, lakini ni somo kubwa la usanifu. Mfumo unaomlazimisha muuguzi kujaza asichokitumia unajenga uadui naye tangu siku ya kwanza, na takwimu zinazojazwa kwa uadui huwa za kubuni.

Programu iliyozaliwa iliitwa DHIS. Yenyewe ilitolewa bure, lakini ilikaa juu ya Microsoft Access, na hivyo kila wilaya ilihitaji programu za kampuni moja ya Marekani na kompyuta inayoziendesha. Kasoro hiyo ilionekana wazi mfumo ulipotaka kuvuka mipaka. Kuanzia mwaka 2004 Oslo iliandika toleo jipya kabisa, DHIS2, kwa teknolojia za chanzo huria, chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuitumia, kuisoma na kuibadilisha. Waandishi walikuwa na ujasiri wa kuitupa kazi yao ya miaka kadhaa ili kuondoa utegemezi uliokuwa umejificha chini ya neno "bure".

Mwaka 2011 ilikuwa zamu ya Kenya. Hadi wakati huo takwimu za wilaya zilitumwa Nairobi kwa majedwali ya Excel. Mpango wa awali wa DHIS2 ulikuwa kufunga programu katika kompyuta ya kila wilaya, kisha kusafirisha takwimu. Majaribio yalifanyika Mkoa wa Pwani. Timu ilipozunguka na modemu za simu iligundua kwamba intaneti inapatikana vituoni kuliko ilivyodhaniwa. Hapo ikaamuliwa kutumia seva moja ya kitaifa, na kila wilaya iingie kwa kivinjari cha kawaida. Hadi Septemba mwaka huo mfumo ulikuwa umeenea nchi nzima, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza za Afrika kuuendesha kitaifa kupitia intaneti.

Uamuzi huo uliondoa kazi kubwa ya kuhudumia kompyuta za kila wilaya, kila moja na virusi vyake na toleo lake. Tanzania nayo ilifuata njia hiyo, ikishirikisha wanasayansi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuijenga DHIS2 juu ya vitabu vya MTUHA ambavyo kila mtumishi wa zahanati anavifahamu. Jambo hilo la mwisho tusilipite haraka. Karatasi haikutangazwa kuwa adui. Umeme unapokatika, kitabu kipo. Unaporudi, takwimu huingizwa. Msanifu aliyekubali kwamba umeme hukatika ni msanifu mwenye kujua nchi anayoifanyia kazi.

Leo DHIS2 inatumika katika nchi zaidi ya 70. Haikushinda kwa kuwa nzuri kuliko zote machoni. Ilidumu kwa sababu msimbo wake uko wazi, wanaoujua wako katika vyuo vya nchi husika, na wizara inaweza kumfukuza mshauri bila kupoteza mfumo.

Kampala, 2012

Historia hii ina upande wa pili. Katika miaka ya 2000, simu za mkononi zilipoenea, mashirika mengi yalimiminika Afrika Mashariki na programu za afya. Moja ilikumbusha wajawazito kliniki, nyingine ilihesabu dawa, nyingine iliripoti malaria. Nyingi zilikuwa za majaribio, zilihudumia wilaya mbili au tatu, na zilifungwa ruzuku ilipokwisha. Hazikuweza kubadilishana takwimu. Mhudumu mmoja wa afya angeweza kujikuta akitoa taarifa ileile kwa miradi mitatu.

Januari 2012 Wizara ya Afya ya Uganda ilisimamisha miradi yote mipya ya afya kwa mtandao na simu hadi iidhinishwe na wizara na kuonyesha namna itakavyofungamana na mfumo wa taifa. Ulinganisho na Dar es Salaam ya 1974 unakuja wenyewe. Serikali zote mbili zilikabiliwa na teknolojia iliyoingia bila mpango. Moja ilifunga mlango. Nyingine iliweka mlinzi mlangoni na kumpa orodha ya maswali. Uganda haikukataa kompyuta. Ilikataa kuwa uwanja wa majaribio usio na mwisho. Nadhani hapo ndipo dola inapotimiza wajibu wake kwa namna iliyo sahihi zaidi.

Fedha za Wakenya, seva za Ujerumani

Sekta binafsi nayo ina la kutufundisha, na mfano ulio karibu nasi ni M-Pesa. Majaribio yake ya mwaka 2005, yaliyogharimiwa na Vodafone kwa ushirikiano na fungu la serikali ya Uingereza, yalilenga kuwasaidia wakopaji wadogo kurejesha mikopo. Watumiaji walikuwa na mawazo yao. Walianza kutumiana fedha, na wabunifu wakabadilisha lengo. Huduma ilipozinduliwa Kenya Machi 2007, na Tanzania mwaka 2008, ilikuwa huduma ya kutuma fedha kwanza.

Usanifu wake ulikuwa na busara moja kubwa: ulikaa ndani ya laini ya simu na kufanya kazi katika simu ya bei rahisi ambayo mkulima alikuwa nayo tayari. Hakuna aliyeambiwa anunue kifaa kipya ili aingie katika uchumi mpya. Laiti ingehitaji simu janja mwaka 2007, tungekuwa na historia nyingine.

Lakini palikuwa na jambo ambalo watumiaji wengi hawakulijua. Kwa miaka kadhaa seva zilizoendesha huduma hiyo zilikuwa Ujerumani. Fedha aliyotumiwa mama wa Kisumu na mwanawe aliye Nairobi ilipita kwanza katika mashine za Ulaya. Seva zilihamishiwa Kenya mwaka 2015, na mwaka 2020 Safaricom na Vodacom ya Afrika Kusini zilinunua chapa na jukwaa la M-Pesa kutoka Vodafone. Mfumo ulikuwa umefanikiwa kibiashara kwa miaka mingi kabla umiliki wake haujasogea karibu na watumiaji wake. Mafanikio na uendelevu ni vitu viwili. Mfumo unaweza kuwa na cha kwanza huku cha pili kikiwa rehani.

Programu ina uzito

Nilisema kwamba programu haina moshi. Kauli hiyo ilikubalika zamani; haikubaliki tena. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kuwa vituo vya data vilitumia takriban asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia mwaka 2024. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani, madini ya betri za simu na kompyuta za mkononi, hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hasa maeneo ya Kolwezi, ambako Kiswahili ni lugha ya mitaani na ya migodini.

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya vifaa. Lakini ni nani anayeamua lini kifaa kimezeeka? Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kutoa huduma za kawaida za bure kwa Windows 10. Toleo lililofuata linadai vipengele vya usalama ambavyo kompyuta nyingi za zamani hazina. Mashine inayowaka vizuri, yenye kioo kizima na kibodi nzima, inageuka hatari kiusalama kwa uamuzi wa programu. Nchi inayonunua kompyuta zilizotumika, kama zetu, ndiyo inayopokea mzigo huo mwishoni mwa safari. Mwaka 1995 Niklaus Wirth, mbunifu wa lugha ya Pascal, alionya kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi kuliko mashine zinavyozidi kuwa na nguvu. Alikuwa akiiombea taaluma yake wembamba. Hakusikilizwa.

Ni mwaka 2014 tu ndipo kikundi cha watafiti waliokutana Karlskrona, Sweden, kilipoanza kuandika tamko la kuitaka taaluma iingize uendelevu katika usanifu wenyewe. Walitaja nyanja tano: mazingira, jamii, uchumi, mtu binafsi na ufundi wa mfumo wenyewe. Walisisitiza kwamba uendelevu hauhusu tu mifumo inayojiita ya kijani. Mfumo wa mishahara, wa mahakama au wa usajili wa ardhi una athari katika nyanja zote tano, hata kama mbunifu wake hakuwahi kuzifikiria. Nikitazama mifano yetu, naona kwamba Hazina ya 1965 ilishindwa katika uchumi na ufundi. Miradi ya simu ya Uganda ilishindwa katika jamii. Na kompyuta zilizolala katika kona za ofisi zimeshindwa katika mazingira.

Mtihani wa 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya maendeleo ya nje kwa siku 90, na miradi mingi haikurudi tena. Mpango wa DHS, ambao tangu 1984 ulizisaidia nchi nyingi, ikiwemo Tanzania, kufanya tafiti za afya na idadi ya watu, ulisimamishwa Februari. Kwa usiku mmoja wizara nyingi ziligundua ni mifumo ipi ilikuwa yao na ipi walikuwa wameazimwa.

Hapa inafaa kuwa wakweli kuhusu DHIS2 pia. Oslo hutegemea fedha za Norway na za wafadhili wengine, na seva nyingi katika nchi za Kiafrika zimelipiwa kwa ruzuku. Chanzo huria hakilipi bili ya umeme. Tofauti iko hapa: fedha zikikauka, mfumo uliofungwa hufungwa, mfumo ulio wazi hubaki na msimbo wake, kanzidata yake na watu wake, ukisubiri bajeti. Wa kwanza unahitaji kuzaliwa upya, wa pili unahitaji kulipiwa. Si jambo moja.

Wapo watakaojibu kwamba nchi maskini haina anasa ya kufikiria miaka 20 ijayo. Kwamba mama anayejifungua leo anahitaji mfumo wa leo, hata kama utakufa kesho. Hoja hiyo ina uzito wa kibinadamu, nami siidharau. Lakini iangaliwe katika hesabu. Mfumo unaokufa baada ya miaka mitatu hununuliwa tena katika mwaka wa nne, mafunzo yanarudiwa, takwimu za zamani zinapotea, na imani ya watumishi inapungua kila mara. Anayelipa mara nne kwa kitu kilekile hawezi kuitwa mwenye kubana matumizi. Umaskini ndio sababu hasa ya kudai uendelevu.

Wapo pia watakaosema jibu ni kujenga kila kitu wenyewe. Tanzania imepiga hatua katika mwelekeo huo. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Serikali Mtandao yenye wajibu wa kusimamia mifumo ya umma, na MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini, ulitengenezwa na wataalamu wa ndani kuchukua nafasi ya mfumo wa kununuliwa. Hazina iliyoshindwa na mashine ya kigeni kabla ya 1974 sasa inaendesha programu iliyoandikwa na Watanzania. Hilo ni jambo la kujivunia. Hata hivyo, uzalendo wa mwandishi hautoshi. Mfumo ulioandikwa na vijana watatu wasioandika nyaraka, wenye mishahara inayowasukuma kutafuta kazi kwingine, una utegemezi uleule wa 1965. Mtaalamu anayeondoka na ujuzi amebadilika uraia tu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa mtumishi wa umma anayeketi katika kamati ya zabuni, historia hii inaweza kufupishwa kuwa maswali machache. Msimbo utakuwa mali ya nani siku mkataba utakapokwisha? Takwimu zinaweza kutolewa zote, katika muundo unaosomeka na mfumo mwingine, bila idhini ya muuzaji? Nani ndani ya taasisi ataweza kurekebisha kosa dogo bila kupiga simu nje ya nchi, na kama hayupo, nani anafundishwa? Bajeti ya matengenezo ya mwaka wa tano iko katika kifungu gani? Mfumo utafanya kazi katika kompyuta tulizonazo, au unatulazimisha kuzitupa? Umeme ukikatika, muuguzi anafanya nini?

Kwa mwanaharakati, maswali hayohayo ni ya uwajibikaji. Tumezoea kudai ripoti ya ukaguzi wa barabara na madaraja. Tudai pia kujua mifumo mingapi imenunuliwa kwa kodi zetu, mingapi ingali hai, na iliyokufa ilikufa kwa nini.

Kwa mwanafunzi wa TEHAMA, nina tarehe moja ya kukumbuka: 19 Januari 2038. Siku hiyo kompyuta zinazohesabu muda kwa biti 32, tangu mwanzo wa mwaka 1970 kama ulivyo utaratibu wa Unix, zitaishiwa namba na kurudi nyuma hadi mwaka 1901. Dunia ilishapita jambo linalofanana na hilo mwaka 2000, kwa sababu waandishi wa zamani waliandika mwaka kwa tarakimu mbili ili kubana nafasi, wakiamini programu zao zitakuwa zimestaafu. Hazikustaafu. Programu unayoiandika leo kwa haraka ili upate alama inaweza kukuta watoto wako wakiitumia katika hospitali ya wilaya. Iandike ukijua kwamba atakayeisoma hayupo darasani pamoja nawe, hajui ulichokuwa ukifikiri, na hana namba yako ya simu.